Majina ya wapagazi wa Vita Kuu yako wapi?

Nje kidogo ya mji wa Nyeri kuna kanisa la Waitaliano lililojengwa mwaka 1952. Ndani ya kuta zake yamehifadhiwa mabaki ya askari wa Italia zaidi ya 600, wengi wao wakiwa walifia Kenya mikononi mwa Waingereza, kama mateka, katika Vita vya Pili vya Dunia. Majina yao yameandikwa ukutani. Yumo pia Duke wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Italia katika eneo hili, ambaye alifariki Nairobi akiwa mateka mwezi Machi 1942.

Sasa teremka hadi Nairobi, Kenyatta Avenue. Hapo zimesimama sanamu tatu za shaba, kumbukumbu ya Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mmojawapo ni mpagazi. Zunguka mnara mzima, soma kila upande. Hutakuta jina la mpagazi hata mmoja.

Adui aliyetekwa ana jina. Mtu aliyechukuliwa kijijini kwake Machakos, Kisumu au Usukuma abebe mizigo ya jeshi lililoshinda, hana. Wengi hudhani ni kwa sababu ya ukubwa wa pori, au kwa kuwa ni zamani sana. Si kweli. Askari anayepotea hutafutwa pale tu anapokuwa ameandikwa mahali, na pale wanaomuulizia wanapokuwa na uwezo wa kumlazimisha mkubwa ajibu. Wapagazi wetu walinyimwa vyote viwili, na walionyima waliamua hivyo wakiwa wameketi ofisini.

Kwanza tutenganishe mambo yanayochanganywa. Mateka wa vita ni askari aliye hai mikononi mwa adui. Kwa Mikataba ya Geneva, ule wa 1929 na baadaye ule wa 1949, nchi iliyomteka inatakiwa kumwandikisha na kupeleka taarifa zake ili upande wake ujue alipo. Yeye mwenyewe akihojiwa halazimiki kusema zaidi ya jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na nambari yake ya jeshi. Ndiyo maana Waitaliano wa Nyeri walijulikana: kila mmoja alikuwa na kadi kabla hajaugua, na alipokufa kadi ile ilimsemea. Utaratibu huo una mizizi hata kabla ya mikataba hiyo. Mwaka 1914 Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua ofisi Geneva ya kufuatilia mateka, na hadi vita vinakwisha ilikuwa na kadi zipatazo milioni 7.

Aliyepotea vitani ni jambo jingine. Hayupo kambini, hayupo kaburini, hayupo nyumbani. Huenda ametekwa, huenda ameungua kwenye gari, huenda amezama. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inatamka kwamba familia zina haki ya kujua yaliyowapata ndugu zao. Ni haki ya familia, na hilo ndilo watetezi wa waliopotea hushikilia wanapobisha hodi serikalini.

Wa tatu ni aliyerudi. Huyu anaonekana, ana kidonda au hana, na kesi yake ni ya fedha, matibabu na heshima.

Vita vya siku hizi vimevuruga mipaka hii. Mateka wa vita kwa maana kamili ya sheria ni wa vita kati ya nchi na nchi. Askari akikamatwa na kikundi cha waasi au al-Shabaab, sheria bado inakataza asiteswe wala kuuawa, lakini hakuna ofisi upande wa pili itakayotuma orodha. El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wa Kenya ilivamiwa, wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa, na serikali haikutangaza hesabu rasmi ya waliokufa. Semuliki, mashariki mwa Congo, tarehe 7 Desemba 2017, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa, na taarifa za Umoja huo zikataja mmoja ambaye hakujulikana alipo. Mmoja tu, lakini mbele ya mama yake neno hilo halina maana. Hakuna mwili wa kuzika, kwa hiyo matanga hayaanzi wala hayaishi. Mke hajui kama akae eda au angoje. Mirathi na pensheni zinaning'inia, maana bila cheti cha kifo karani hana pa kuanzia. Sheria ya Kenya inaruhusu mtu ahesabiwe amekufa baada ya miaka saba ya kutosikika, na miaka saba ni muda wa mtoto kuanza shule na kukaribia kuimaliza.

Hao wa leo angalau wana nambari, picha na kambi inayowafahamu. Turudi kwa wasiokuwa na chochote.

Vita Kuu vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, majeshi yalikuta nchi isiyo na barabara za kubeba jeshi, yenye mbung'o wanaoua farasi, ng'ombe na punda. Risasi, unga, dawa na mahema vikabebwa vichwani. Upande wa Uingereza peke yake walitumika wapagazi takriban milioni moja katika miaka minne, wakitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Congo na kwingineko. Mwanzoni wapo walioitikia wito wa mshahara. Mwaka 1915 Kenya ikatungiwa sheria ya kuwalazimisha, na mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, machifu wakaagizwa watoe vijana kwa makumi elfu. Wengi walikamatwa usiku. Ujira ulikuwa rupia 5 hivi kwa mwezi, chini ya ule wa askari wa Keya (King's African Rifles, kikosi cha Waafrika cha Waingereza) aliyekuwa akitembea kando yao na bunduki.

Kambi zao Dar es Salaam na Nairobi ndizo zilizoacha majina ya Kariakoo na Kariokor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, masoko ambayo wengi wetu tumenunua humo nguo na nyanya bila kuwaza zaidi.

Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Watu waliozoea ndizi, mtama au viazi walipewa unga wa mahindi, tena bila muda wa kuupika ukaiva. Mtu akifika kambini magharibi, kachoka, kuni zimelowa, anakunywa uji mbichi. Tumbo likaharibika. Kuhara damu kuliwamaliza zaidi ya kitu kingine, kukifuatiwa na homa ya mapafu na malaria. Mwanzoni mwa 1917 mvua ziligeuza bonde la Rufiji kuwa ziwa, na njia za chakula zikakatika. Aliyeanguka njiani aliachiwa wenzake wamfukie kama muda upo. Hesabu ya serikali ni vifo karibu 95,000 vya wapagazi. Wanahistoria wengi wanaamini vilizidi 100,000. Na hapo hatujawagusa wapagazi waliobebea jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, ambao aghalabu hawakuandikwa kabisa, wala wanakijiji walionyang'anywa chakula wakafa njaa nyuma ya misafara.

Alikuwepo mtu aliyejaribu kuandika. Oscar Watkins, afisa aliyesimamia kikosi cha wapagazi, alipigania daftari la kila mtu: jina, nambari, alikotoka, anachodai. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Karani Mzungu au Mhindi aliandika jina alivyolisikia, na mtu yule yule alijitaja leo kwa jina la baba, kesho kwa jina la kijijini. Kilichonisikitisha zaidi katika kisa chake ni kilichofuata baada ya amani. Mishahara ya waliokufa ilibaki mezani, fedha nyingi. Watkins alisumbua wakubwa kwa miaka ili fedha zile ziwafikie ndugu au angalau zinufaishe jamii walizotoka. Jibu lililorudi ni kwamba wenyewe hawapatikani. Serikali iliyowapata usiku wa kuwakamata haikuwapata mchana wa kuwalipa.

Jambo la makaburi lilikwenda vivyo hivyo, na hapa ndipo penye maamuzi yenye saini. Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita, ile inayoitwa leo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Msingi wake ulikuwa mzuri sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, kwenye jiwe la kaburi au ukutani, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Ulaya ulifuatwa. Ndiyo maana ukutani Thiepval, Ufaransa, yamechongwa majina zaidi ya 72,000 ya watu ambao miili yao haikupatikana. Afrika haukufuatwa. Gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), Gordon Guggisberg, alisema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida wa huko asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Kwa Afrika Mashariki maofisa waliona makaburi ya Waafrika yaachwe yarudi kuwa pori, na mahali pa majina zikasimamishwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Ya Dar es Salaam unaifahamu: yule askari wa shaba katikati ya jiji, pale Samora inapokutana na Azikiwe, ameinama kidogo na bunduki yenye singe. Ilizinduliwa 1927. Chini yake kuna maandishi ya Kiswahili na Kiingereza, yanayowataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanayoahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Aliyetunga maneno hayo ni mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Mwanawe wa pekee, John, alipotea vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba huyo alihangaika kwa miaka kuwauliza waliokuwa naye kikosini, akafa 1936 bila kujua alipolala. Jina la John lilichongwa Loos. Yaani mtunzi wa ahadi ile alikuwa akijua, kuliko watu karibu wote, maana ya mtoto kukosa kaburi na maana ya angalau kupata jina ukutani. Na bado ahadi ikaandikwa chini ya sanamu isiyo na majina.

Kwa nini basi wengine hupatikana? Tazama Marekani. Wakati wa vita vya Vietnam serikali yao iliwaambia wake wa marubani waliotekwa wakae kimya, wasiharibu mazungumzo. Sybil Stockdale, ambaye mumewe alitekwa mwaka 1965, alikataa. Alianza kwa kuwakusanya wake wenzake San Diego, na mwaka 1970 wakasajili umoja wa kitaifa wa familia. Waliandika barua, wakapanda hadi kwa maseneta, wakamwona rais. Bendera yao nyeusi yenye kivuli cha kichwa cha mateka na mnara wa ulinzi ilibuniwa miaka hiyo na hadi leo hupepea kwenye majengo ya serikali. Mwaka 1973 walirudi mateka 591. Waliobaki hawajulikani walipo walikuwa 2,646, na tangu hapo zaidi ya 1,000 kati yao wametambuliwa, wengine kwa jino moja au kipande cha mfupa kilicholinganishwa na vinasaba vya ndugu wa upande wa mama. Wizara yao ya ulinzi ina shirika zima la kazi hiyo, lenye bajeti ya zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka.

Harakati hizo zilikuwa na upande wake wa maumivu. Palizuka waliowauzia wazee matumaini, wakidai wana picha za mateka walio hai msituni, na ilibidi kamati ya Seneti chini ya John Kerry ichunguze hadi mwaka 1993 ndipo iseme haikupata ushahidi wa kuridhisha kwamba kuna aliyebaki hai. Nalitaja kwa sababu watu wa aina hiyo hujitokeza popote penye mama anayengoja, na huku kwetu pia.

Lakini angalia wake wale walikuwa na nini. Kila mmoja alikuwa na nambari ya mumewe, barua zake, mshahara unaoingia, kura, na simu ya mtu wa Pentagon. Mke wa mpagazi wa Ukambani mwaka 1918 alikuwa na habari aliyoletewa na mwanakijiji aliyerudi amekonda: tuliachana naye karibu na mto. Alikwenda kwa chifu, yule yule aliyemtoa mumewe. Angepanda wapi zaidi ya hapo?

Mabadiliko yalikuja kwa kusukumwa. Watafiti, akiwemo Michèle Barrett, walichimba nyaraka za tume ya makaburi yenyewe. Mwaka 2019 mbunge David Lammy akalipeleka suala hilo kwenye televisheni ya Uingereza. Tume ikaunda kamati, na ripoti ikatoka Aprili 2021. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wakiwa Wahindi, Waafrika, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kundi kubwa kati ya hao wa mwisho ni la Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Radhi ni mwanzo. Kipimo changu ni majina, na yameanza kuonekana. Januari 2025 ulizinduliwa mnara Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua Waafrika wa Afrika Kusini waliofia vitani bila kumbukumbu, kila jina kwenye nguzo yake ya mti. Kenya, tume imeshirikiana na jeshi la nchi kupekua makabrasha ya Keya ambayo wengi walidhani yaliteketea zamani, na kutoka humo yanatolewa majina ya askari ambao hawajawahi kuandikwa kwenye orodha yoyote ya waliokufa vitani. Pale panapopatikana jina na kijiji, familia hutafutwa na kuambiwa. Mjukuu wa miaka 80 anaelezwa babu yake alikufa lini na wapi.

Kwamba jambo hili linawezekana pakiwa na nia, ushahidi tunao hapa hapa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini ikielekea Ceylon na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama ndani ya dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Hakuna mwili wa kuzikwa, bahari imewachukua. Lakini wanajeshi hao wa mizinga waliopotea katika meli ile wanakumbukwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi. Miaka 26 tu ilikuwa imepita tangu wapagazi waachwe bila jina. Wino ulikuwepo. Vita vya pili vilikuta jeshi linaloandikisha Waafrika wake kwa nambari, na walioandikwa walikumbukwa.

Kuandikwa, hata hivyo, hakukumaanisha kulipwa sawa. Askari wetu waliopigana Abisinia, Madagascar na Burma walipewa kiinua mgongo kwa kila mwezi wa utumishi kulingana na rangi: nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zinaonyesha Mwafrika alipata karibu theluthi ya alichopata Mzungu wa cheo hicho hicho. Hakuna aliyewahi kuwafidia tofauti hiyo. Msaada waliopata ulipitia zaidi kwenye umoja wa wapiganaji wa zamani wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa Cape Town 1921, ambao kupitia vyama vya wastaafu katika kila nchi hupeleka fedha kwa wenye shida. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza hadi pauni milioni 12 ili wazee hao na wajane wao wapate angalau milo miwili kwa siku. Milo miwili, miaka 73 baada ya vita kwisha. Ni jambo jema, nami nalishukuru kwa niaba ya waliolifaidi, lakini tusiliite malipo. Sadaka hutolewa kwa hiari ya mtoaji. Kiinua mgongo ni deni.

Wajerumani nao walichelewa. Mwaka 1964 bunge lao liliidhinisha kuwalipa askari waliobaki wa Lettow-Vorbeck. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza wazee walifika mamia, wachache wakiwa na cheti, na wasio na karatasi wakapewa ufagio mkononi na kuamriwa kwa Kijerumani mazoezi ya bunduki, na wakayafanya. Watu huisimulia kama kisa cha kuchekesha. Mimi naona wazee waliosubiri tangu Novemba 1918, wakidaiwa uthibitisho ambao mwajiri wao ndiye aliyepaswa kuutunza. Na wapagazi wa jeshi lile hawakuitwa kwenye foleni.

Kama nyumbani kwenu kuna simulizi ya babu aliyekwenda Kariakoo au Keya asirudi, lifanyeni kazi sasa, wakati wapo wazee wanaokumbuka walichosikia. Andika majina yake yote, la baba yake, la ukoo, kijiji, na chifu aliyekuwapo, kwa sababu makarani waliandika wilaya na chifu kuliko jina la mtu. Uliza aliondoka na nani. Mwenzake aliyerudi huenda ana kumbukumbu jeshini inayotaja kikosi. Tume ya makaburi ina orodha ya wazi mtandaoni, na inapokea taarifa za familia. Tafuta jina kwa tahajia tofauti, maana Mutua aweza kuwa ameandikwa Mtua au Motuwa. Na kama kwenye sanduku la bibi kuna nishani ya fedha ya vita vya kwanza, usiisugue wala usimpe anayenunua vitu vya kale. Igeuze uangalie ukingo wake. Nishani za askari wa Keya zilipigwa chapa hapo: nambari, jina na kikosi. Piga picha ya ukingo mzima, herufi zote zisomeke, ndipo uandike barua.